Kiongozi Ahamishwe, Mpango wa Maafa Ubaki

Asubuhi ya Jumamosi, Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipopinduka na kulipuka Msamvu, Mkuu wa Mkoa wa Morogoro alikuwa Dkt. Stephen Kebwe. Watu zaidi ya 100 walipoteza maisha katika mkasa ule. Mwezi uliofuata mkoa ukapata mkuu mwingine, Loata Ole Sanare. Mei 2021 akaja Martine Shigela, Julai 2022 akaja Fatma Mwassa, na mwaka 2023 akaja Adam Malima. Katika muda usiofika miaka minne, kiti kimoja kilikaliwa na watu watano.

Siwataji kwa kumlaumu yeyote. Uteuzi na uhamisho ni mambo ya kawaida katika utumishi wa umma, na mara nyingi mkoa hunufaika kwa kupata mtu mwenye nguvu mpya. Ninawataja kwa sababu mkuu wa mkoa ndiye anayeongoza kamati ya usimamizi wa maafa ya mkoa. Kila anapobadilika, anaondoka mtu ambaye ameshajua daraja lipi hukatika kwanza, nani ana ufunguo wa stoo ya mahema, na mzee gani wa Mgeta hupigiwa simu mvua ikizidi. Anaingia mwingine ambaye hayo yote bado hajayajua. Ndivyo ilivyo pia kwa mkuu wa wilaya, mkurugenzi wa halmashauri, mganga mkuu, kamanda wa zimamoto, mtendaji wa kata na mwenyekiti wa kijiji.

Nchi yetu ina Sheria ya Usimamizi wa Maafa, Namba 6 ya mwaka 2022, inayoweka kamati kuanzia taifa hadi kijiji na mtaa. Muundo upo. Kinachovuja ni ujuzi, na huvuja siku ya makabidhiano. Ushauri wangu kwa viongozi na wananchi wa Morogoro ni huu: mpango wa maafa usiwe wa mtu. Uandikwe, ukabidhiwe na ufanyiwe mazoezi kiasi kwamba kiongozi yeyote akiondoka leo na mvua ikanyesha usiku, watu wa Kinole, Kilosa na Malinyi wapate msaada uleule ambao wangeupata jana.

Kalenda ya mvua na kalenda ya uongozi

Kiongozi mgeni Morogoro aanze kwa kujua kwamba mkoa huu una misimu ya aina mbili. Kaskazini, pamoja na safu za Uluguru, kuna vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei. Kusini, yaani Ifakara, Mlimba, Malinyi na Mahenge, mvua ni za msimu mmoja unaoanza Novemba na kuishia Aprili. Hata mlima wenyewe hauko sawa: upande wa mashariki unaotazama bahari, wa Kinole, Tegetero na Matombo, hunyeshewa kuliko upande wa magharibi. Mpango unaosema tu "tujiandae kwa masika" umeshawasahau nusu ya watu.

Sasa weka kalenda ya uongozi juu ya hiyo ya mvua. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika Novemba 24, 2019, na tena Novemba 27, 2024. Kwa maana hiyo, wenyeviti wa vijiji, vitongoji na mitaa hukaa katika viti vipya vuli ikiwa imeshaanza upande mmoja na msimu ukifungua upande mwingine. Uchaguzi Mkuu huangukia Oktoba, na baada yake huja madiwani wapya na kwa kawaida mabadiliko ya wateule. Bajeti nayo huanza Julai 1, hivyo anayeteuliwa Desemba anakuta fedha zimeshapangwa, na kama kusafisha mitaro hakukuandikwa, hakuna fungu la kutoa. Mambo haya matatu hukutana katika miezi ileile ambayo mito hujaa.

Hatuwezi kuihamisha mvua, na ratiba ya uchaguzi haiko mikononi mwa halmashauri. Kilicho mikononi mwetu ni tarehe ya makabidhiano. Kwa hiyo napendekeza desturi moja ambayo haihitaji fedha: kila mwisho wa Septemba, kila kamati ya maafa ifanye makabidhiano kana kwamba mwenyekiti wake anaondoka kesho, hata kama hakuna anayeondoka. Jalada lifunguliwe, lisomwe, lisahihishwe na lisainiwe. Zoezi hilohilo lirudiwe mwisho wa Februari, kabla ya masika. Kamati itakayozoea hivyo haitahangaika uhamisho ukitangazwa saa mbili usiku kwenye taarifa ya habari.

Milima imeshatufundisha

Februari 23, 1970, mvua ya takriban milimita 100 ilinyesha Mgeta kwa muda usiozidi saa tatu. Watafiti waliofika baadaye walihesabu maporomoko ya udongo zaidi ya 1,000 katika miteremko ile, karibu yote kwenye mashamba na ardhi iliyolala. Penye msitu yalikuwa chini ya asilimia moja. Tarehe ile inatufundisha mambo mawili. La kwanza, mlima ulidondoka mwezi wa Februari, ambao kalenda huuweka kati ya vuli na masika. La pili, saa tatu hazitoshi kiongozi mgeni kuanza kuuliza nani ni nani. Kinachowahi ni kile ambacho kijiji kinakijua tayari.

Kilosa nako kuna somo. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010, Mto Mkondoa ulifurika, ukaingia mjini, ukavunja nyumba na kung'oa reli ya kati, na maelfu ya watu wakaishia kwenye mahema. Januari 2014 maji yakaja tena wilayani humo, safari hii Magole na Dumila, Mto Mkundi ukaharibu daraja na barabara ya Morogoro kwenda Dodoma ikakatika. Kati ya mafuriko hayo ni miaka minne tu, muda ambao uongozi wa wilaya unaweza kubadilika kabisa. Atakayeshika wilaya hiyo leo anahitaji kukuta mezani taarifa za miaka yote miwili: maji yalitokea wapi, yalifika wapi, nani alihifadhiwa wapi, na kipi kilichelewa.

Lakini somo kubwa kuliko yote kuhusu uongozi lipo Matombo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru ili kuzuia mmomonyoko, na wakulima wakalazimishwa kuchimba matuta ya ngazi. Tatizo la mmomonyoko lilikuwa la kweli. Mpango, hata hivyo, ulikuwa wa bwana shamba na faini zake. Waluguru hawakuuona kuwa wao, na mahali pengi matuta yale yalifukua udongo usio na rutuba. Julai 1955 watu wakakataa, vurugu zikatokea na mtu mmoja akauawa. Mpango ukaachwa. Kazi iliyosimama juu ya amri ilianguka amri ilipoanguka. Kila kiongozi wa sasa anayeanzisha kamati, kikosi au kampeni ya maafa ajiulize: siku nikiondoka, nani kijijini ataendelea na hili bila kusukumwa? Kama hakuna, basi bado hajaanzisha kitu.

Kwa anayeondoka: acha jalada, kisha tembea naye

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Jalada la maafa liwe na mambo matano.

*Ramani ya hatari.* Isiwe ramani ya ukutani yenye mipaka ya kata tu. Ichorwe na wenyeji, ikiwa na majina wanayoyatumia wao: korongo lipi hushusha mawe, nyumba zipi ziko bondeni, shule ipi iko mwinuko wa salama, njia ipi hupitika usiku bila kuvuka mto.

*Orodha ya watu na simu.* Andika cheo kwanza, kisha jina, kisha namba mbili. Halafu ijaribiwe. Kaa na karani, piga namba moja baada ya nyingine. Utakuta mmoja amehamia Songea, mwingine amestaafu, wa tatu simu yake inapokewa na mtoto aliyeuziwa laini, wa nne anaishi mahali ambapo mtandao hushika ukipanda kilima. Huyo wa nne usimfute. Andika pembeni jina la jirani wa karibu anayepatikana, au kijana wa bodaboda atakayempelekea ujumbe.

*Orodha ya stoo.* Mahema, blanketi, dawa ya kutibu maji, kamba, sepeto, mashine ya kukatia miti. Idadi, hali yake, tarehe ya kuisha kwa dawa, na ufunguo upo kwa nani. Kama kuna vilivyoazimwa, andika viko wapi.

*Makubaliano na ahadi.* Hapa ndipo panapovuja zaidi. Mwenye greda alikubali kwa mdomo kwamba barabara ikifukiwa ataileta, na mafuta yatalipwa baadaye. Padri alikubali ukumbi wa parokia utumike kulaza watu. Mwalimu mkuu alikubali madarasa mawili. Hayo yote yalikubaliwa na mtu anayeitwa mkuu wa wilaya fulani, na akiondoka, mwenye greda haoni kwamba anadaiwa na yule aliyekuja. Yaandikwe kwa jina la ofisi na kusainiwa. Pamoja nayo ziandikwe ahadi zilizotolewa kwa waathirika na bado hazijatimizwa: kiwanja, kalavati, bati. Kiongozi mpya asizipate kwa mara ya kwanza kwenye mkutano wa hadhara, watu wakiwa wamekasirika.

*Kilichoshindikana.* Kurasa mbili za ukweli kuhusu dharura ya mwisho: taarifa ilifika saa ngapi, kikosi kilitoka saa ngapi, nini kilikosekana. Ukurasa huu ni mgumu kuandika kwa sababu unagusa heshima. Uandike hivyo hivyo. Anayekufuata hawezi kukusaidia kuficha, ila anaweza kuwasaidia watu wasiumie tena.

Jalada peke yake halitoshi. Sheria za makabidhiano zinaridhika na saini, mlima hauridhiki. Mchukue anayeingia mtembee siku nzima. Anzeni mjini, ambako Mto Morogoro na Mto Kikundi hushuka kutoka Uluguru na kukatiza kati ya makazi. Simameni darajani mtazame takataka zilizonasa kwenye nguzo na mstari wa tope uliobaki ukutani. Mwulizeni mama anayeuza mboga pale maji yalimfikia wapi. Ataonyesha kwa mkono, na mkono wake ni kipimo kizuri kuliko taarifa nyingi. Pakeni rangi alama hiyo ukutani na kuandika tarehe.

Kisha pandeni. Kule Mgeta, katikati ya kabichi, njegere na viazi, mwonyesheni dalili ambazo mkulima huzitambua kabla ya mtaalamu: ufa mpya ardhini juu ya nyumba, mgomba au mti ulioanza kuinama kuelekea bondeni, chemchemi ya maji meupe iliyogeuka tope, mlango uliokuwa ukifunga vizuri na sasa umebana kwenye fremu. Dalili mbili zikionekana pamoja wakati wa mvua, familia haipaswi kulala pale. Kiongozi aliyeziona kwa macho yake atasaini amri ya kuhamisha watu bila kusitasita. Aliyezisoma tu ataomba uthibitisho hadi kupambazuke.

Kwa anayeingia: mwezi wa kwanza

Itishe kamati kabla ya tatizo kukuitishia. Kikao cha kwanza kisiwe cha hotuba. Muulize kila mjumbe maswali matatu: kazi yako ni ipi siku ya dharura, nani anaishika ukiwa safarini, na ni kitu gani umeomba mara nyingi na hujapewa? Majibu yatakueleza hali ya mpango wako kuliko kabrasha lolote.

Usiharakishe kubadilisha jina, fulana, wajumbe au muundo. Kila kiongozi anatamani kuacha alama yake, na hilo ni la kibinadamu. Lakini kwenye maafa, mabadiliko ya kila mara huwachosha wanaojitolea, na watu hao hawalipwi mshahara wa kuwarudisha. Pitisha msimu mmoja mzima wa mvua ndipo uguse muundo. Ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa: mzee aliyeyaona mafuriko ya Mkondoa ana thamani ambayo mafunzo ya siku mbili hotelini hayatampa kijana.

Hata hivyo, ugeni wako una faida yake. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wenyeji huzoea hatari hadi wakaacha kuiona: nyumba zilizosogea mtoni mwaka hadi mwaka, soko lililopangwa juu ya mtaro, kituo cha mafuta kilichozungukwa na mama lishe na majiko ya mkaa. Yaone hayo katika wiki zako za mwanzo, uyaandike, maana baada ya miezi sita nawe utakuwa umezoea.

Fanya jaribio la usiku. Chagua siku bila kutangaza, saa nne usiku, piga simu kwa watendaji wa kata wote walio kandokando ya mito na wale wa mlimani, uwaombe wamfikie mwenyekiti wa kitongoji kimoja kila mmoja na kurudisha jibu. Andika nani alijibu na kwa muda gani. Usimwadhibu aliyeshindwa; mtafutie njia nyingine ya mawasiliano. Ukiadhibu, mara ya pili watakuandalia majibu.

Halafu geuza tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa kuwa kazi. Rangi ya njano, chungwa na nyekundu husikika redioni, lakini mwenyekiti wa kitongoji anahitaji kujua afanye nini. Mpangieni kwa maneno mafupi yatakayobandikwa ofisi ya kijiji. Njano: mitaro ikaguliwe, simu zichajiwe, mtu mmoja akabidhiwe kutazama mto. Chungwa: wazee, wagonjwa, wajawazito na watoto walio bondeni walale kwa ndugu walio juu. Nyekundu: filimbi, kengele ya kanisa na kipaza sauti cha msikiti, watu wote waliopo kwenye ramani ya hatari wahame. Mtu wa kutoa amri hiyo kijijini awe ameruhusiwa mapema na kwa maandishi, asilazimike kutafuta kibali cha mjini wakati mtandao umekatika.

Kiti kikiwa wazi

Kuna siku ambazo aliyekuwepo ameshaaga na anayekuja hajaapishwa. Siku hizo ndizo za hatari kuliko zote, maana kila mtu anadhani mwingine ndiye mwenye mamlaka. Kila kamati iandike safu ya watu watatu kwa kila kazi: mwenyewe, msaidizi wake, na wa tatu. Kaimu apewe uwezo kamili wa kuagiza magari, kufungua stoo na kuhamisha watu, asiwe kaimu wa kusaini barua tu.

Kwa mamlaka za uteuzi, ombi langu ni la heshima na ni jepesi kutekelezeka. Pale inapowezekana, mwenyekiti wa kamati na mratibu wa maafa wasihamishwe katika msimu mmoja. Mmoja abaki amfundishe mwingine. Na mratibu apewe muda wa kazi hiyo. Akipewa maafa juu ya majukumu mengine manne, atashughulika nayo pale tu maji yakishaingia ndani ya nyumba. Kama mtu mmoja lazima ashike mengi, basi awe na msaidizi anayejua jalada liko kabati gani.

Kwa wananchi: nyinyi hamhamishwi

Mkuu wa wilaya atahamishwa, mtendaji atahamishwa, daktari atahamishwa. Mwanakijiji wa Tegetero atabaki Tegetero. Kwa hiyo nguzo ya mpango lazima iwe kwake.

Waluguru hawahitaji kufundishwa namna ya kulinda cheo kisife na mwenye cheo. Kingalu wa Kinole, aliyesifika tangu zamani kwa mambo ya mvua, ni jina la kiti: anayerithi hulivaa jina pamoja na wajibu wake, na watu wanajua wamwendee nani. Vilevile ardhi ya mlimani kwa desturi ni ya ukoo na hufuata upande wa mama. Kiongozi anayetaka familia zihame mteremko hatari na asizungumze na wakubwa wa ukoo, wakiwemo akina mama, atapata vichwa vinavyokubali mkutanini na nyumba zisizohama. Wakiafikiana wao, makubaliano hayo yatadumu kupita viongozi watano.

Dunia nayo ina mfano wa kutia moyo. Novemba 1970, kimbunga kiliua watu wasiopungua laki tatu katika nchi ambayo leo ni Bangladeshi. Taifa hilo changa, pamoja na chama chake cha Msalaba Mwekundu, baadaye Hilali Nyekundu, likajenga jeshi la watu wa kujitolea kijiji kwa kijiji, wenye redio, bendera na vipaza sauti. Tangu hapo nchi hiyo imepitia mapinduzi ya kijeshi na serikali nyingi, lakini wale wa kijijini wakabaki. Kimbunga kikubwa cha mwaka 2007 kiliua watu takriban 3,400. Ni msiba mzito, lakini ukiulinganisha na laki tatu unaona kilichofanywa na kazi isiyotegemea nani yuko ikulu.

Morogoro tunaweza kuanza na watu waliopo barabarani. Mji huu ni njia panda ya malori yanayokwenda Dodoma na Iringa, na lori la mafuta likianguka, wa kwanza kufika ni vijana wa bodaboda. Viongozi wa vijiwe wafundishwe na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji: usisogee, usichote, usivute sigara, zima pikipiki, wazuie watu kutoka pande zote, piga 114. Somo hili lirudiwe kila mwaka, kwa sababu vijana wa vijiweni nao hubadilika, na waliokuwa watoto mwaka 2019 leo ndio wanaoendesha. Ndugu zetu waliopotea Msamvu wanastahili kukumbukwa kwa mafunzo yanayookoa wengine.

Kijijini, fanyeni mambo matatu. Mwenyekiti mpya anapokabidhiwa muhuri na daftari la kijiji, akabidhiwe pia jalada la maafa mbele ya mkutano mkuu, na mtu asome kwa sauti majina ya walio kwenye orodha. Wakati wa kampeni, kila mgombea wa uenyekiti na udiwani aulizwe: mvua kubwa ikinyesha usiku, bibi asiyeweza kutembea pale bondeni atabebwa na nani? Anayejibu kwa jina la mtu amejiandaa. Na katika vikao vya kupanga bajeti ya mwaka, ombeni usafishaji wa mitaro, ukarabati wa matuta ya mto na kipimo cha mvua cha kijiji viandikwe kama kazi zenye fungu, ili atakayekuja Desemba akute fedha zina jina.

Kipimo hicho cha mvua mkabidhini mwalimu na wanafunzi wa shule. Wasome kila asubuhi, waandike kwenye daftari, na kikizidi kiwango mlichokubaliana na wataalamu, wampelekee mwenyekiti taarifa. Watoto hao watakua na ujuzi huo, na baadhi yao ndio watakuwa watendaji na wakuu wa wilaya wa kesho.

Tuanze na hili

Msomaji anayeshika ofisi yoyote, iwe ya mkoa au ya kitongoji, namwomba afanye jambo moja kabla wiki haijaisha. Muite msaidizi wako, umwambie kwamba kuanzia saa hii wewe hupo, kisha umpe habari hii: Mto Ngerengere umejaa, barabara imekatika, familia ziko juu ya mapaa. Usimsaidie. Tazama atampigia nani, atafungua kabati lipi, ataagiza gari kwa kibali cha nani. Kila atakapokwama, andika. Orodha hiyo ya mahali alipokwama ndiyo kazi yenu kuanzia hapo hadi mwisho wa Septemba. Mkimaliza, rudieni na mtu mwingine. Siku msaidizi wa tatu atakapofika mwisho bila kukuuliza neno, utakuwa umewapa watu wa Morogoro kiongozi asiyehamishika.